Ndiyo, Nabeba Boksi

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umemaliza masomo ya ubunifu wa mavazi, umeiona picha yangu na yule muigizaji maarufu, na sasa unauliza mambo mawili: mtu anaingiaje kwenye kazi ya mavazi ya filamu huku Uingereza, na je, kuna maisha, au "na nyie mnabeba boksi tu kama wengine"? Wenzako kadhaa waliniuliza hayohayo nikawajibu kwa utani. Wewe nakujibu kweli.

Nianze na la pili. Ndiyo, nabeba boksi. Maboksi ya viatu hasa, na viatu vya askari wa zamani ni vizito kuliko unavyodhani. Ile picha ilipigwa kwenye sherehe ya kufunga kazi, na yule bwana sidhani hata jina langu analijua. Siku za kazi kamera za simu zetu hubandikwa stika ili siri za filamu zisivuje, kwa hiyo mnachokiona mtandaoni ni ile siku moja ya kula keki. Zile nyingine hazina picha.

Saa kumi na moja alfajiri niko kwenye lori la mavazi, mashine za kufulia zinanguruma, pasi ya mvuke inachemka, reli za kutundikia nguo zimejaa hanga pande zote mbili. Kukiwa na onyesho la umati wanakuja watu 200, na kila mmoja lazima avishwe kuanzia soksi. Jioni wanavua. Soksi 400 zinarudi kwenye kapu moja, na kuna mtu wa kuzipanga jozi kwa jozi. Miaka miwili ya mwanzo mtu huyo alikuwa mimi.

Darasani walikufundisha neno maleba, yaani mavazi ya uigizaji, wakakufundisha kuchora. Huku anayechora ni mbunifu, na kwenye filamu nzima mbunifu ni mmoja. Yeye ndiye anayekaa na mwongozaji, anausoma muswada, anaamua mhusika huyu ni wa kola iliyokakamaa na yule ni wa kola iliyolegea. Chini yake yuko msimamizi anayeshika bajeti, wako wakataji, washonaji, wapaka rangi, na wale wanaosimama kando ya kamera kutwa nzima wakilinda mwendelezo, maana mkono wa shati uliokunjwa mara mbili kabla ya chakula cha mchana hauwezi kurudi umekunjwa mara tatu. Huu ni mwaka wangu wa tisa na sijawahi kuitwa mbunifu kwenye filamu yoyote. Wengi mnanitajia Ruth E. Carter, mtu Mweusi wa kwanza kupata Oscar ya ubunifu wa mavazi, mwaka 2019, kisha akaipata tena 2023. Ni kweli, na mimi nililia siku ile. Ila filamu yake ya kwanza ilitoka 1988, na kabla ya kushinda alishateuliwa mara mbili akakosa. Piga hesabu. Tena yeye alizaliwa Marekani, hakuwa na viza ya kuhangaikia.

Mimi niliingia kwa mlango wa kufua. Nilimfuata mume wangu huku, nikafanya kazi ya kufua mashuka hotelini, na mwenzangu mmoja wa pale akaniambia kuna filamu inatafuta watu wa siku mbili tatu wa kufua na kupiga pasi. Wiki ya kwanza nilikuta koti limetupwa mezani: limejaa tope, kola ina jasho la njano, viwiko vimechanika, linanuka. Nikasema hawa wazungu wachafu kweli. Nikalifua, nikashona viwiko kwa mkono, mshono hauonekani kabisa, nikalipiga pasi likawa jipya. Nikalitundika mahali ambapo bosi atalipita, anisifu.

Lile koti lilichafuliwa kwa mkono kwa siku nne. Msimamizi alilitazama, hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Na yale mengine mawili yako wapi?" Kumbe yalikuwa matatu yanayofanana, na la pili nilikuwa nimeshalitia kwenye mashine.

Usiku ule niliketi na mzee anayechakaza nguo, tukaanza upya. Alinipa msasa nisugue viwiko na kingo za mifuko, akajaza mawe mifukoni na kulilowesha koti ili likauke likiwa limening'inia kwa uchovu. Majani ya chai kwa kufifisha weupe wa bitana, nta kidogo shingoni, kisha vumbi la udongo laini linapigwa kwa brashi. Kila baada ya dakika chache aliniuliza: huyu mtu anatumia mkono gani? Anaegemea wapi? Sikuwa na jibu, akanipa kurasa za muswada nikasome. Alfajiri nililiangalia lile koti nikamwona mwenyewe ndani yake, mtu aliyelala nje wiki mbili. Hapo ndipo niliipenda hii kazi, na hadi leo ndiyo yangu: naharibu nguo nzuri kwa mshahara. Mama bado haelewi.

Umeandika pia kwamba ukikosa ubunifu utafanya ustailisti wa televisheni. Ni kazi tofauti, usizichanganye. Stailisti anamvisha mtu apendeze akiwa yeye mwenyewe. Sisi tunamvisha mhusika, na mara nyingi anatakiwa achukize. Kwenye studio utahangaika na mengine: mistari myembamba inayotetemeka kwenye kamera, gauni jepesi lisilo na pa kufunga kisanduku cha maikrofoni, mtangazaji aliyevaa kijani mbele ya pazia la kijani linalofutwa na kompyuta, akabaki kichwa kinaelea. Inalipa haraka zaidi, lakini inataka kujuana na watu.

Sasa viza, ambayo hamniulizagi. Viza ya kazi ya huku inataka mwajiri aliyesajiliwa akudhamini, na kazi yetu haina mwajiri: una wiki nane hapa, tano kule, siku tatu pengine. Wengi hufikiri waje kwa viza ya masomo wajipenyeze. Viza ya masomo hairuhusu kujiajiri, na vibarua vingi vya fani hii ndivyo vilivyo. Ukihitimu ipo viza ya wahitimu, hiyo inaruhusu. Imekuwa ya miaka 2, na kwa wengi watakaoomba kuanzia Januari 2027 inapungua kuwa miezi 18. Miezi 18 kwenye fani ambayo mtu hupewa kazi ya tatu kwa sababu ya jinsi alivyofanya ya pili! Ada ya chuo kwa mgeni utaikuta kwenye tovuti ya chuo chenyewe, kaa chini kwanza kabla hujaifungua.

Hela ipo kazi ikiwepo, sikudanganyi. Wiki nzuri inalipa kuliko mwezi wangu mzima wa mashuka. Shida ni wiki ambazo hazipo. Mei 2023 waandishi wa Hollywood waligoma, Julai waigizaji nao wakagoma, na kwa kuwa studio nyingi za huku zinaishi kwa filamu za Wamarekani, simu zetu zikanyamaza. Nilikwenda kufunga vifurushi ghalani, zamu ya usiku. Boksi zenyewe kabisa, zile mnazotuchekea. Miezi mitano. Ndiyo miezi ile mliyokuwa mnanipigia kuuliza nipo na staa gani, nami nasema nipo bize, siruhusiwi kutaja. Mwaka ule nilituma hela za harusi ya binamu kwa kukopa. Haya nayaandika kwa mara ya kwanza, na najua shangazi atayasoma.

Kwa hiyo unauliza uje? Kwa sasa hapana. Nenda kwa yeyote anayepiga filamu hapo ulipo, hata ya siku nne na waigizaji watano, umwombe akuachie mavazi yote. Uvunje muswada mwenyewe: mhusika gani, siku ya ngapi ya hadithi, amevaa nini, nguo imechafuka onyesho la ngapi, zinahitajika ngapi zinazofanana kwa sababu ya damu. Piga picha kila kitu. Daftari la namna hiyo ndilo nitakaloweza kumwonyesha mtu huku. Michoro ya magauni kila mtu anayo.

Na zile picha za kazi zako ulizonitumia, nguo zimevaliwa na wasichana wazuri wanatabasamu. Sikuona kitu. Nitumie tena nguo tatu tu, umezigeuza nje ndani, nione mishono.