Besi kwanza: jibu kwa swali la kuimba bila ala

Mhariri, swali lenu la wiki hii limetoka kwa msomaji aliyetazama video ya wanafunzi wa Trinity College, Dublin, wakiimba bila ala hata moja. Anauliza ile ngoma na lile gitaa la besi anavyovisikia vinatoka wapi, na kikundi kama kile huundwaje mpaka kikasimama. Naona wengi watajibu kwamba vijana wale wana vipaji. Wanavyo, sikatai, lakini kwaya gani ya mtaa haina vipaji? Kinachowabeba ni mpangilio wa sauti ulioandikwa kwa ajili ya watu waliopo, na besi, yaani sauti ya chini kabisa, isiyoyumba. Hivyo viwili vikikosekana, hata wakusanywe waimbaji bora wa Ireland nzima hawatafika kiitikio cha pili wakiwa kwenye ufunguo (kimo cha sauti cha wimbo) walioanzia.

Kidogo kuhusu mazingira. Trinity ni chuo cha mwaka 1592 na kuimba si jambo geni pale. Chama cha kwaya kiitwacho University of Dublin Choral Society ni cha 1837. Akapela (kuimba bila ala) ya mtindo huu, yaani nyimbo za redioni, bitiboksi (ngoma za mdomo) na watu kumi na kitu wamesimama nusu duara, asili yake ni vyuo vya Marekani, ambako Whiffenpoofs wa Yale walianza mwaka 1909. Leo Trinity ina The Trinitones, wanaume watupu, na Trinity Belles, wanawake watupu. Msiwachanganye na Choral Scholars wa UCD, chuo kingine cha Dublin, walioanzishwa 1999: wale ni kwaya ya wanafunzi wanaopewa ufadhili, wana kiongozi mwanamuziki aliyebobea. Kikundi cha akapela kwa kawaida hujiendesha chenyewe. Mwalimu wa kwaya ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi au sheria, mhazini ni mwenzake, na mtihani wanao wote.

Kuwa wanaume watupu au wanawake watupu si suala la mavazi ya jukwaani tu. Linabadilisha hesabu yote ya nota. Gitaa la besi hushuka hadi karibu hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Besi wa kawaida wa chuo, kijana wa miaka ishirini, anaishia karibu hezi 82, oktava nzima (umbali wa do hadi do inayofuata) juu yake. Wanawake watupu wana alto, sauti ya chini ya kike, ambaye chini kabisa anafika hezi 165 hivi, oktava nyingine juu. Ndiyo maana mpangilio wa wanaume hauhamishiki kwa wanawake kwa kuupandisha tu. Kwa wanaume unaacha nafasi pana kati ya besi na sauti inayofuata, na huweki mi na do karibukaribu chini kule, kwa sababu zinakuwa uji. Kwa wanawake unafanya kinyume: unabana sauti zote, unampa alto wa chini mdundo mfupimfupi, na kama kuna maiki unampitishia kifaa cha kushusha oktava. Kifaa hicho ni kizuri kwa sauti moja tu. Wakikitumia wawili, kinatoa mngurumo usioeleweka.

Idadi inayofanya kazi ni kati ya watu 12 na 16. Weka watatu kwa kila sauti badala ya wawili. Wawili wakipishana hata kidogo, kila msikilizaji anasikia tofauti ile ikitetemeka, watatu wanazibana. Ukichukua sauti nne mara tatu, ukaongeza mtu wa bitiboksi na nafasi ya mwimba solo, umefika 14.

Usaili unafanyika mwanzoni mwa muhula wa kwanza, baada ya wiki ya kupokea wanafunzi wapya mwezi Septemba. Dakika kumi kwa mtu zinatosha, ila zitumike vizuri. Kupanda na kushuka ngazi ya sauti kunaonyesha anafika wapi. Kupiga nota tatu kwa pamoja na kumwambia aimbe ile ya katikati kunaonyesha sikio. Kipimo chenye maana kuliko vyote ni cha tatu: mfundishe mstari mfupi, kisha mwache auimbe huku wenzake wawili wakiimba mistari mingine masikioni mwake. Wenye sauti tamu wanaomfuata jirani huanguka hapo, na ni heri waanguke siku ile kuliko mbele ya watu. Besi apimwe asubuhi na jioni kama inawezekana, maana nota ya chini anayoipata saa tatu asubuhi, saa moja jioni inaweza isiwepo.

Sasa mpangilio wenyewe. Kwa kuwa wasomaji wengi wa gazeti hili mmelelewa na do re mi za kwaya, nitumie hizo. Chukua ufunguo wa C na kodi nne (kodi ni nota kadhaa zinazoimbwa kwa pamoja) zinazozunguka katika nyimbo nyingi za redioni: ya do, ya so, ya la na ya fa. Besi anaimba do, so ya chini, la ya chini, fa ya chini. Bariton, sauti iliyo juu ya besi: so, so, mi, fa. Tena (sauti ya juu ya kiume) wa pili: do ya juu, ti, do ya juu, la. Tena wa kwanza: mi ya juu, re ya juu, do ya juu, halafu do ileile. Tazama besi anapopanda kutoka so kwenda la: bariton na tena wa kwanza wanashuka. Hakuna anayemkimbilia besi kama kivuli, kwa hiyo kila sauti inabaki na mstari wake. Tazama pia kwamba besi peke yake ndiye anayeruka mbali. Wengine wanatembea hatua moja au mbili. Mstari wa namna hiyo mtu anaukariri kwa nusu saa na haumponyoki akiwa na woga.

Kisha kodi zilezile zivalishwe silabi. Ubeti wa kwanza "uu", ubeti wa pili "jin-ja-na" inayoiga gitaa, kiitikio "aa" kwa mdomo wazi. Besi anaimba "dm": d inapiga kama kidole kwenye uzi, na mdomo ukifungwa upesi m inabaki ikivuma. Akisema "duu" uzi unageuka tarumbeta. Kosa la vikundi vichanga ni kuacha "uu" dakika tatu nzima chini ya mwimba solo. Msikilizaji anachoka na hajui kilichomchosha. Kosa la pili ni maneno yanayoishia na s. Watu 14 wakiitoa kila mmoja kwa wakati wake, unasikia tairi linalovuja. Chagua mmoja au wawili wa kuitamka, wengine waiache.

Bitiboksi inaogopesha kuliko inavyostahili. Ngoma kubwa ni b ya midomo iliyobanwa, bila sauti ya koo. Ngoma ndogo ni k kali, na upatu ni ts. Pigo la kwanza na la tatu ngoma kubwa, la pili na la nne ngoma ndogo, ts katikati. Mpigaji mzoefu hutoa ile k kwa kuvuta hewa ndani, hivyo anapumua humohumo kwenye mdundo na halazimiki kukata. Tatizo lake kubwa ni kukimbia: kila kiitikio anaongeza kasi kidogo, na wenzake wanalazimika kumfuata. Metronomu (kipima mdundo) kwenye simu, sikio moja, wakati wa mazoezi, hadi azoee. Mapambo yaje baadaye, na mengi yake ni bora yasije.

Kushuka ufunguo ndiko kunakovunja mioyo. Sababu moja ni kinanda. Nusu toni moja, yaani hatua ndogo kabisa ya kinanda, ina senti 100, na mi ya kinanda imekaa senti 14 juu ya mi inayotulia sawasawa juu ya do. Wakijifunza mistari kwa kinanda, tena wa kwanza katika ile kodi ya mwanzo anakaa juu, wenzake wanajisogeza kumtafuta, na mzunguko mzima unayumba. Dawa ni kuondoa kinanda mapema: watu watatu washike do kwa "mm", kila sauti ipite mstari wake polepole juu yake. Sababu nyingine ni ya hesabu. Mzunguko wa do, la, re, so na kurudi do, kila mmoja akishikilia kwa usafi nota inayounganisha kodi moja na nyingine, unashusha kikundi karibu senti 22. Mizunguko mitano, zaidi ya nusu toni imekwenda, na hakuna aliyekosea! Kwa hiyo besi ndiye anayekariri mahali pa do na kurudi palepale, wengine wanamfuata yeye. Lakini mara nyingi sababu ni ya kawaida kabisa: uchovu, hatua za kushuka zinazochukuliwa ndefu mno, nota moja iliyorudiwa mara nane bila pumzi. Wimbo ukizidi kushuka, jaribuni kuuanza nusu toni juu au chini. Nyimbo nyingine hutulia zikihamishiwa ufunguo mwingine, hata walioshinda nazo wiki tatu hushangaa.

Muhula wa kwanza Trinity una wiki 12, na ya saba ni ya kujisomea bila vipindi. Ondoa hiyo, ondoa mbili za usaili, zinabaki tisa. Mazoezi mara mbili kwa wiki, saa mbili kila mara, ni saa 36. Wimbo mmoja unakula saa tano au sita mpaka uimbwe bila karatasi. Piga hesabu: nyimbo sita, na hapo hakuna aliyepata mafua. Dublin ya Novemba mafua hayakosi. Kikundi kinachotangaza nyimbo 12 kabla ya Krismasi kinaishia kuwa na 12 ambazo hakuna hata moja iliyoiva.

Nje ni habari nyingine. Uwanja wa mbele wa chuo umetandikwa mawe na uko wazi, upepo unabeba sauti, na bitiboksi bila maiki haisikiki hatua chache tu mbele. Hapo toa nyimbo za kutegemea mdundo, weka zenye sauti pana, simameni mmegusana mabega, na mkipata tao au ukuta nyuma yenu msiuache. Kuimba mtaani Dublin kunahitaji kibali cha halmashauri ya jiji, na masharti ya kipaza sauti yaulizwe hukohuko kwanza. Kuchangisha fedha za hisani barabarani ni kibali tofauti, kinachotolewa na polisi. Desemba, kila mtu anapotaka kuimba nyimbo za Krismasi Grafton Street, maombi yapelekwe mapema.

Ikifika Machi na sikukuu ya Mtakatifu Patrick, waalikaji wote wanataka wimbo wa Kiirishi. Tahadhari na nyimbo za jadi za sean-nós. Zimetungwa kwa mwimbaji mmoja, bila ala, bila mdundo uliopimwa, na mapambo yake yanabadilika kila ubeti. Ukizipangia kodi nne na bitiboksi unaziua. Mwache mwimba solo aende atakavyo, wengine washike nota moja au mbili za chini kama mvumo, wabadilishe pale tu anapovuta pumzi. Matamshi yafundishwe na mtu anayekizungumza Kiirishi. Mswahili akijiunga na kikundi kama hicho ana unafuu mmoja, kwani gh ya "mo ghrá" (mpenzi wangu) ni ileile ya "ghali" inayotamkwa pwani.

Ukumbini kwenye maiki, besi na bitiboksi wapate zao binafsi, midomo sentimeta mbili au tatu kutoka kwenye maiki, maana maiki ya kawaida ya jukwaani huongeza sauti za chini inaposogezwa karibu. Mwimba solo ya tatu. Waliobaki, kama maiki ni chache, wagawane mbili au tatu za kusimamishwa mbele yao. Mwambieni fundi mitambo mapema kwamba besi anahesabiwa kama ala. Asipoambiwa atampunguza mpaka aishe, kwa kuwa amezoea waimbaji.

Kinachobaki ni urithi. Shahada nyingi pale ni za miaka minne, na wapo wanaokwenda kusoma mwaka mmoja Ulaya kwa mpango wa Erasmus. Kikundi cha watu 14 kinaweza kupoteza watano kwa mpigo, na mkono wa bahati mbaya hupenda kuchagua besi. Kwa hiyo besi wa pili huandaliwa tangu Oktoba, naye aimbe nyimbo mbili jukwaani kabla ya Aprili. Viongozi wapya wachaguliwe muhula wa pili ungali unaendelea ili wakae wiki kadhaa na wale wanaoondoka. Na faili za nota pekee hazitoshi: silabi na mahali pa kuvuta pumzi hubadilishwa mazoezini na hakuna anayeandika, hivyo kilichomo kwenye faili si kile kilichoimbwa. Katibu arekodi kila sauti peke yake kwa simu, wiki ya mwisho kabla ya onesho, akitaja mwanzoni ufunguo na kasi ya wimbo.