Barua kwa mwanangu: ile shule ya usharika ni shule kweli?

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na mkwe wangu msalimie sana. Meseji yako nimeiona jana usiku nikasema hii haijibiki kwa voisi noti, ngoja nikae niandike vizuri manake umesema utawaonyesha na wenzako. Umeniuliza hivi: "Mama, tukihamia huko mwakani nimlete mtoto ile shule ya msingi ya usharika hapo Machame? Ni shule kweli au ni sande skuli yenye yunifomu? Na kuna rafiki zangu wawili nao wanauliza, mmoja ni Mwislamu."

Ni shule kweli. Ila sio kila familia inaifaa, na nitakwambia mpaka mahali ambapo nakushauri usimlete.

Nianze na karatasi, sababu watu wengi wakisikia shule ya kanisa wanauliza kwaya na maombi kwanza halafu karatasi wanasahau. Shule yoyote binafsi, iwe ya kanisa iwe ya mtu, muombe mwalimu mkuu akuonyeshe cheti cha usajili na uulize kama ina namba ya kituo cha mtihani. Zipo zinazofungua milango kabla hazijakamilisha usajili, mtoto anasoma vizuri tu mpaka darasa la nne, ikifika upimaji wa kitaifa ndo mzazi anagundua watoto wanapelekwa kufanyia shule nyingine. Yetu imesajiliwa, upimaji wa la nne na mtihani wa kumaliza wanafanyia hapo hapo, mtaala ni ule ule wa Taasisi ya Elimu, wadhibiti ubora wanakuja na wanaandika wanachokiona kama wanavyofanya shule ya serikali. Dini ni kipindi kwenye ratiba, haijala hesabu wala sayansi.

Na huku kwetu kanisa na shule vilikuja pamoja mwanangu. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame 1893 na walipojenga sehemu ya kuabudia walijenga na ya kusomea. Bibi yako mzaa mimi alisoma misheni. Mimi nimekuja kusoma shule zikiwa zimeshataifishwa baada ya ile Sheria ya Elimu ya 1969, nikafundishwa na serikali, nikaajiriwa na serikali mpaka nimestaafu, kwa hiyo usije ukanisikia nikizisema vibaya shule za serikali, zimenilea na mimi nimelea watoto wa watu humo. Milango ya shule binafsi za msingi ilikuja kufunguka tena miaka ya 1990, ndo KKKT, yaani kanisa letu la Kilutheri, na Katoliki wakarudi kwenye elimu ya msingi kwa nguvu, na hii ya kwetu ni tunda la hiyo hiyo hali, waumini walikaa kwenye mkutano wa usharika wakasema tunataka watoto wetu wadogo wasisome mbali.

Sasa udogo wake. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na we unajua nimefundisha madarasa yaliyopita hapo mbali sana, watoto wanne dawati moja. Hapa darasa haliwi kubwa hivyo, ukiingia unaona sura zote kwa mara moja. Watu wanadhani faida ya hilo ni utulivu, mimi naona faida kubwa ni kwamba mtoto hana pa kujificha. Kwenye darasa kubwa mtoto asiyejua kusoma anajifunza ujanja, anafungua mdomo pamoja na wenzake, ananakili ubaoni herufi kama anavyochora picha, anafika la tatu hajui kuunganisha silabi na mwalimu hana habari, si kwamba ni mbaya, atawasikiliza saa ngapi wote? Hapa madam wa darasa la kwanza anamuita kila mtoto mezani kwake asome kwa sauti, peke yake, na anaandika kwenye daftari amekwama wapi. Mimi niliyefundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, miaka yote hiyo nikikaa nyuma ya darasa lile nafurahi jamani, sababu hivyo ndivyo tulivyofundishwa chuoni tufanye na hatukuwahi kupata nafasi.

Kuna mtoto mmoja alikuwa anaonekana mvivu, kazi za ubaoni hamalizi, akiwa na kitabu mkononi anasoma vizuri tu. Mwalimu akamhamisha mbele, siku mbili tu akaona tofauti, akamuita mzazi, mtoto akapelekwa KCMC kupimwa macho akarudi na miwani. Basi. Uvivu ukaisha.

Lakini udogo huo huo una gharama na wenzako waambie kabisa. Darasa ni moja tu, mtoto wako akigombana na mwenzake hakuna mkondo B wa kumhamishia, watakaa pamoja mpaka wamalize kwa hiyo watapatanishwa watake wasitake. Mtoto mkali sana wa hesabu atakosa wenzake wa kushindana naye. Kompyuta zipo chache na umeme ukikatika hakuna kipindi. Gari la shule hakuna. Na jambo linalotuumiza sisi wa bodi ya shule kuliko yote ni walimu, ajira za serikali zikitangazwa tu vijana wote wanaomba, na wakipata wanaondoka hata katikati ya muhula, wala siwezi kuwalaumu, ajira ya kudumu na pensheni nani anaiacha? Shule yenye walimu wengi akiondoka mmoja haitikisiki sana, yetu akiondoka wa hesabu wa la sita tunahangaika wiki kadhaa. Kwa hiyo mzazi akija aulize: walimu waliopo wamekaa muda gani? Nani anashika kipindi mwalimu akiondoka? Shule ikijibu hilo kwa kujiamini ni dalili nzuri.

Kiingereza. Najua umeliweka mwisho kwenye meseji lakini ndo mkwe wangu analowaza zaidi. Ndiyo, ni English medium, na hapana, mtoto hataongea kama wale wa shule za mjini kwa miezi ya mwanzo, sababu hapa wengi wanatoka nyumbani wanakoongea Kiswahili na Kimachame, walimu wanaanza taratibu, nyimbo, picha, vitu vya darasani. Mimi nakubaliana na huo utaratibu. Na kitu nilichokisimamia kwenye bodi ni kile kibao cha kumvisha shingoni mtoto aliyeongea kilugha, hapa hakipo na hakitakuwepo tukiwa hai. Mtoto hafundishwi lugha mpya kwa kuaibishwa kwa sababu ya lugha ya bibi yake.

Fimbo nayo umeniuliza. Kanuni za serikali zinasema ni mwalimu mkuu tu au yule aliyemruhusu kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe kwenye kitabu. Sisi tumekwenda mbele zaidi, bodi tumekubaliana na walimu fimbo isitumike, na haikuwa rahisi, wazazi wenyewe ndo walikuwa wanakuja kusema mwalimu nichapie huyu. Mchungaji alilisema vizuri kwenye kikao, kwamba hatuwezi kusali nao asubuhi saa moja na nusu halafu saa mbili wanatukimbia. Hapo ndipo mimi naupima Ukristo wa shule, zaidi ya kuhesabu nyimbo.

Nyimbo zipo pia, usije ukashangaa. Asubuhi mstarini wanaimba, wanasali, mwalimu wa zamu anasoma neno. Mara moja kwa wiki mwinjilisti anakuja kipindi cha dini. Kabla ya uji wanashukuru. Sikukuu ya mavuno wanapanda kanisani na ndizi na mahindi ya shamba la shule, halafu nje baada ya ibada mnada kama kawaida, mkungu mmoja unapigwa mnada unarudishwa unapigwa tena, na hela ya hapo ndo imeezeka darasa la awali. Mtoto anaona kwa macho yake watu wazima wakitoa kwa ajili ya shule yake, na mimi naamini hilo linamfundisha kitu.

Kwa rafiki yako Mwislamu, mwambie hivi na umwambie bila kupunguza. Katiba yetu ibara ya 19 inampa mtu uhuru wa kuabudu anavyoamini, kwa hiyo hakuna mtoto atakayelazimishwa kubatizwa wala kusali sala isiyo yake, na tunao Waislamu tayari, kipindi cha dini wanakaa na mwalimu mwingine wanafanya kazi zao, nguruwe haipikwi shuleni, siku za Idi hakuna anayewaandikia utoro. Lakini asije akadhani hii ni shule isiyotaja dini. Jina la Yesu mtoto wake atalisikia kila siku, nyimbo atazishika na ataziimba nyumbani akiosha vyombo. Kama yeye na mumewe wana amani na hilo wanakaribishwa kwa mikono miwili. Kama hawana amani, ni bora wajue sasa kuliko mtoto akae katikati ya nyumbani na shuleni.

Ada. Shule ya serikali haina ada, tangu ule waraka wa 2015 uanze kazi Januari 2016, kwa hiyo wewe ukichagua kulipa lazima ujue unalipia nini. Sehemu kubwa kabisa inaenda kwenye mishahara, inayofuata ni chakula, uji wa saa nne na mchana makande au ugali maharage, ndizi zikiwepo ndizi. Inalipwa kwa awamu nne benki, usimpe mtu hela mkononi hata akiwa ni mimi, na risiti tunza. Wapo watoto ambao diakonia, ile huduma ya usharika ya kusaidia wahitaji, inawalipia, huwezi kuwajua ukiwaangalia na hawatajwi popote, na nakuomba hata wewe usiulize ni akina nani.

Sasa pale nilipokwambia nitakushauri usimlete. Umesema "tukihamia huko", sijaelewa ni mjini Moshi au nyumbani. Kama mtapanga mjini, mwanangu, usimlete hapa. Moshi mpaka njia panda ya Machame halafu upande tena huku juu ni safari, na gari la shule nimekwambia hakuna, mtoto wa miaka 6 ataamshwa saa kumi alfajiri apandishwe daladala, masika barabara utelezi, Juni na Julai baridi ile unayoijua, anafika darasani anasinzia. Hakuna wema wa shule unaofidia usingizi wa mtoto. Mtafute shule ya karibu na mnapokaa, hata ya serikali, mimi nitakusaidia kuikagua.

Na najua wazo lako la pili, abaki kwangu, ninyi muwe mnakuja wikiendi. Napenda mno kuwa na mjukuu wangu ndani ya nyumba, Mungu anajua. Lakini umri huu akae na baba na mama yake. Wizara ilipozuia bweni kwa watoto wa awali mpaka la nne mwaka 2023 wenye shule wengi walilalamika, mimi nilishukuru, nimeona wadogo wale wakilia usiku, na kulia kwa bibi ni kulia vile vile. Kama mtajenga hapa kihambani, kwenye shamba la ukoo, au mtakaa ile nyumba ya babu kwanza, basi mlete siku hiyo hiyo, atatembea kwa mguu na wenzake njia ya mfereji na nitamuona kila jioni.

Msije kuiangalia Desemba. Ndo kosa la wote wanaorudi huku mwisho wa mwaka, shule imefungwa, wanaonyeshwa majengo na mwalimu mkuu aliyevaa suti, wanaondoka wameridhika. Majengo hayamfundishi mtu. Omba ruhusa kazini njoo siku ya kazi muhula ukiwa unaendelea, Jumanne au Jumatano, bila mimi kuwaambia. Ingia darasa la kwanza ukae nyuma. Muangalie yule mtoto wa mwisho kabisa, asiyejua, mwalimu anamjibuje akikosea, na wenzake wanacheka au wanasubiri. Nenda jikoni uone sufuria, nenda chooni uone maji ya kunawa kama yapo, hapo hawawezi kukupangia. Halafu muulize mtoto yeyote kinachomfurahisha na kinachomuudhi. Wenzako nao waje hivyo hivyo, kila mmoja siku yake.

Mtoto atafanyiwa kaintavyuu kadogo, usimpe tuisheni kwa ajili ya hiyo, wanaangalia tu anafahamu nini ili wajue waanzie wapi naye. Andaa cheti cha kuzaliwa cha RITA, kadi ya kliniki, na kwa kuwa ameshaanza shule huko Dar ulizia namba yake ya PREM, ile ya utambulisho wa mwanafunzi, mapema na uhamisho ufanyike kwenye mfumo kabla hamjasafiri, nimeona watoto wamekaa nyumbani Januari nzima kwa sababu shule waliyotoka inadai ada na haitaki kuwaachia. Kama mna deni huko lipeni sasa.

Sare ni sketi ya bluu, shati jeupe na sweta, sweta nunua mbili, moja haitakauka. Nijibu basi ni mjini au nyumbani, kama ni nyumbani nianze kumwambia fundi aje aangalie ile paa ya nyumba ya babu kabla ya mvua.

Mama yako