Chafya za mtoto msimu wa mikorosho: tulivyozitambua na tunavyozitibu nyumbani

Dada uliyeuliza kuhusu mwanao wa miaka minne hapo Nanyamba, Mtwara, anayepiga chafya kila asubuhi tangu mwezi wa sita na kusugua macho mpaka yanavimba, na dawa za mafua chupa mbili hazijasaidia: pole sana. Mimi ni mkulima wa korosho Tandahimba, na binti yangu alianza hivyohivyo akiwa na umri wa mwanao. Sasa ana miaka saba. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu sisi tulipoteza msimu mzima tukitibu ugonjwa ambao hakuwa nao.

Mwaka ule tulimpeleka kutibiwa mara tatu, na mara zote tulirudi na antibiotiki. Anamaliza dozi, chafya ziko palepale. Antibiotiki inaua bakteria, na kumbe alichokuwa nacho ni mzio (aleji), ambao hauletwi na bakteria. Kilichotufumbua macho ni daftari. Mama yake alichukua daftari la shule akawa anaandika kila jioni: chafya, macho, kikohozi, joto la mwili, na siku hiyo shambani tumefanya nini. Baada ya miezi miwili tukaona kwamba mtoto alikuwa na mambo mawili yaliyochanganyika.

La kwanza lilianza Mei, mvua zimekatika, nyasi zimetoa mashuke, na hakuna aliyekuwa amewasha bado mashine ya kupuliza mikorosho salfa, ule unga wa kukinga ugonjwa. Chafya nane, kumi mfululizo akiamka, makamasi mepesi kama maji, pua na macho yote mawili kuwasha. Chavua ya nyasi, yaani unga wa maua yake, ni nyepesi, upepo wa kusi unaibeba kutoka mbali. Kwa hiyo usikimbilie kung'oa maua mazuri ya mlangoni, mengi ya hayo chavua yake inabebwa na nyuki. Angalia nyasi za nyuma ya nyumba na njia anayopita kwenda kucheza. Zifyeke kabla hazijatoa mashuke, na siku ya kufyeka mtoto asiwe karibu.

La pili lilikuwa kikohozi kikavu na macho kuchoma, siku mbili tatu, kinapotea, kisha kinarudi baada ya wiki mbili hivi. Hiyo wiki mbili ndiyo iliyonishtua, maana ndiyo mizunguko yangu ya kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Salfa ya unga inakereketa macho na njia ya hewa ya mtu yeyote, hata asiye na mzio. Mtoto ambaye pua yake imeshavimba anaumia zaidi. Tunapuliza alfajiri, umande ukiwa bado majanini ili unga ushike, kisha narudi nyumbani na binti yangu ananikimbilia. Nilikuwa nambeba na shati lile lile. Hilo liliniuma sana, na mpaka leo linaniuma. Sasa navua nguo nyuma ya nyumba, naoga kwanza, ndipo namshika, na nguo za shamba zinafuliwa peke yake. Jirani akipuliza, madirisha ya upande wake tunayafunga mpaka jua lipande. Kikohozi cha wiki mbilimbili kikaisha karibu chote bila dawa yoyote.

Kutofautisha na mafua si kugumu ukimtazama vizuri. Mafua yanakuja na homa au mwili kuuma, makamasi yanakuwa mazito, na ndani ya siku kumi hivi yanaisha. Mzio hauna homa, unadumu wiki na wiki, na unawasha. Mtoto anasugua pua kwa kiganja kuelekea juu mpaka anapata kamstari juu ya pua, na chini ya macho panakuwa na weusi. Kama kwenu kuna mwenye pumu au ukurutu wa ngozi, uwezekano unaongezeka. Akipata homa, usiseme ni mzio uleule. Kusini huku kapime malaria siku hiyohiyo. Na kama uchafu unatoka tundu moja tu la pua tena unanuka, huenda ameingiza punje au shanga, apelekwe ikatolewe.

Nyumbani tunafanya hivi. Akitoka kucheza anaoga na kubadili nguo, hasa kabla ya kulala, ili asiende na chavua kitandani. Pua tunaisafisha kwa maji ya chumvi: kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, chumvi isiyofika nusu kijiko cha chai, matone mawili matatu kila tundu, kisha anapenga. Tunatengeneza mapya kila siku. Macho ni kitambaa safi cha maji baridi. Mito ya sufi tuliitoa chumbani kwake, na dawa ya mbu ya kuchoma tuliacha, chandarua kinatosha. Mama mkwe alitaka tumfukize, nikamwomba kwa heshima tusifanye, maana sufuria la maji ya moto na mtoto mdogo ni hatari ya kuungua.

Dawa iliyomsaidia ni setirizini ya maji, dawa ya mzio. Daktari alimwandikia, akiwa na miaka minne, ml 2.5 asubuhi na jioni, ya chupa yenye mg 5 katika kila ml 5. Soma chupa yako na upime kwa kipimo chake, si kijiko cha nyumbani. Chini ya miaka miwili usimpe bila daktari. Piriton inasaidia pia ila inalaza, mtoto anashinda amezubaa. Dawa za matone za kuzibua pua zikitumika siku nyingi zinaifanya izibe zaidi. Na nakusihi, matone ya macho yenye steroidi usinunue mwenyewe duka la dawa hata kama ya mtoto wa jirani yalifanya kazi. Yakitumika ovyo yanapandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Kifua kikianza kupiga filimbi, mbavu zikiingia ndani anapovuta hewa, akashindwa kuongea vizuri, au midomo ikabadilika rangi, acha haya yote niliyoandika, mkimbize hospitali hata kama ni usiku. Vivyo hivyo akivimba uso au midomo baada ya kula korosho, huo ni mzio wa chakula na unakwenda kasi.

Anza daftari leo jioni, dada, hata kwa mistari miwili, na ukienda zahanati nenda nalo. Safari yetu ya nne mganga alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akamsikiliza mtoto kifua, na mara hiyo hatukurudi na antibiotiki.