Maswali ya boti: tezi iliyooza, mashine iliyolala na betri zinazokufa

Maswali ya safari hii mengi yametoka kwa watu walioachiwa au kununua boti kuukuu za faiba, na karibu wote wameulizia mashine kwanza. Nimechagua yale yanayowagusa wengi.

Shikamoo fundi. Marehemu mume wangu aliniachia boti ya faiba ya futi 23 na mashine yake, Yamaha Enduro 40. Imekaa mchangani miaka mitatu. Vijana wananiambia mashine imezeeka, ninunue mpya nianze kubeba wageni. Nianzie wapi? — Mama wa Kilindoni, Mafia

Marahaba mama, na pole sana. Mashine mpya usinunue kwanza. Anza na ubao wa tezi, pale mashine inapofungwa.

Boti nyingi za faiba zina plaiwudi ndani ya tezi, imefunikwa kwa faiba mbele na nyuma. Maji hupenya kupitia matundu ya bolti za mashine na tundu la kizibo, na yakishaingia hayatoki. Ubao unaoza ndani, huku nje rangi inang'aa kama ya jana. Ukifunga mashine mpya hapo, siku ya mawimbi itakwenda chini na kipande cha tezi.

Kuna vipimo vitatu ambavyo havina gharama. Gonga tezi nzima kwa mpini wa bisibisi: pazima panalia kwa sauti kavu na ngumu, palipooza panalia butu. Kisha mwambie kijana ashike sehemu ya chini ya mashine aisukume juu na chini, nawe tazama tezi. Ikicheza au nyufa zikifunguka kwenye kona, jibu umelipata. Mwisho toboa kwa ndani matundu madogo ya milimita 5 au 6, hasa chini karibu na sakafu. Unga mkavu wa rangi ya mbao ni salama. Ukitoka mweusi, umelowa na unanuka, ubao hauna maisha.

Ukikuta umeoza, mwambie fundi akate faiba ya ndani, si ya nje, ili umbo la boti lisiharibike. Ubao wote mbovu utoke, hata ule unaoonekana "bado bado". Plaiwudi mpya iwe ya baharini, tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, na kingo zake zote zinyweshwe resini kabla haijaingia. Faiba ya zamani isuguliwe mpaka nyuzi zionekane. Mteremko wa kuungia uwe na upana wa takriban mara 12 ya unene wa faiba. Hapo ndipo wengi wanapofanya ubahili, na hapo ndipo panapoachia. Kwa kuunganisha mpya na kuukuu mimi napendelea epoksi. Ni ghali kuliko resini ya kawaida ya poliesta, lakini inashika mbao na faiba ya zamani vizuri zaidi.

Kama fundi wako atatumia poliesta, hadna yake (dawa ya kuigandisha) ni kati ya asilimia 1 na 2, yaani mililita 10 hadi 20 kwa lita moja. Kwa joto letu karibia 10. Na kama kobalti, ile ya kuharakisha kuganda, inauzwa kando, ichanganywe kwanza na resini mpaka ipotee, ndipo hadna ifuate. Kobalti na hadna zisikutane zenyewe kwenye kopo hata tone, maana zinalipuka. Kazi hii isifanywe masika. Ipandisheni boti wakati wa bamvua, maji yakijaa kabisa, mtapata karibu wiki mbili za kufanya kazi kabla bahari haijafika tena pale juu.

Matundu ya bolti yatobolewe makubwa kuliko bolti, yajazwe epoksi, ikikauka yatobolewe upya kwa kipimo chake. Hivyo maji hayatagusa ubao tena.

Mashine yenyewe? Enduro 40 iliyokaa miaka mitatu mara nyingi haijafa, imelala tu. Soma jibu linalofuata. Na kabla hujapakia mgeni hata mmoja, boti ikaguliwe na TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, na jaketi okozi ziwe na idadi ya watu unaobeba, za watoto zikiwemo.

Fundi, nina mashine ya tustroki imekaa stoo miaka miwili. Nikivuta kamba inazunguka lakini haiwaki. Nimeshaivuta mpaka mkono umevimba. — Kijana wa Tanga

Acha kuvuta, mwanangu. Mashine iliyolala ina silinda kavu, na kila unapovuta ringi zinakwaruza chuma kitupu.

Toa plagi. Mimina oili kidogo ya tustroki kwenye kila silinda, kijiko cha chai kinatosha, iache usiku kucha. Asubuhi izungushe kwa mkono taratibu. Ikizunguka laini, funga geji ya kompresheni kwenye tundu la plagi na uvute kamba mara kadhaa. Usihangaike sana na namba yenyewe, maana geji hazifanani; tazama tofauti kati ya silinda na silinda. Zikikaribiana, shukuru. Moja ikiwa chini ya mwenzake kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, ringi zimekwama au zimeisha, na hapo kufungua injini hakukwepeki.

Kama kompresheni ni nzuri, mshukiwa mkuu ni kabureta. Petroli iliyoachwa humo inakauka na kubaki gundi ya rangi ya asali, na gundi hiyo inaziba jeti zenye tundu jembamba kuliko sindano. Ifungue, iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha puliza kila njia kwa upepo wa kompresa. Usichokonoe jeti kwa waya wa chuma. Ukilipanua tundu hata kidogo, mchanganyiko umeharibika na huwezi kulirudisha. Petroli ya zamani kwenye tangi mwaga yote. Mpira wa pampu ya mkono na mipira ya petroli kama imekakamaa, badilisha.

Moto ni rahisi: plagi mpya, iguse kwenye bloku huku umeifunga kwenye waya wake, mwenzako avute kamba, nawe utafute cheche ya buluu. Fanya mbali na petroli. Na kabla hujalaumu koili, hakikisha ile kamba nyekundu ya usalama imechomekwa kwenye swichi yake. Usicheke, nimeletewa mashine kutoka mbali kwa sababu hiyo tu.

Ikiwaka, furaha isikusahaulishe maji. Impela, ile inayosukuma maji ya kupozea mashine, ni mpira. Ikikaa miaka miwili bila kuzunguka, mapanga yake yanakunjamana na kubaki hivyo. Ibadilishe bila mjadala, ni kitu cha bei ndogo kinacholinda kitu cha mamilioni. Mashine isipokojoa vizuri, yaani isiporusha maji ya kupozea nje, izime mara moja. Chumvi nayo hujenga ukoko kwenye njia za maji na kwenye thermostati, hivyo impela mpya peke yake huenda isitoshe.

Halafu legeza skrubu ya chini ya giaboksi uitazame oili. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia na sili ya shafti ya propela imekwisha. Mara nyingi utakuta uzi wa kuvulia umejisokota nyuma ya propela ndio ulioila.

Naweza kutumia oili ya bodaboda kuchanganyia? Bei imepanda. — Mvuvi, Kipumbwi

Hapana. Hata ile ya pikipiki za tustroki imetengenezwa kwa injini inayopozwa na upepo. Nunua oili ya mashine za boti yenye alama TC-W3. Mashine nyingi za aina yako ni 50 kwa 1, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Thibitisha kwenye kitabu cha mashine yako. Injini iliyotoka kufunguliwa na kuwekwa ringi mpya ipewe maradufu, 25 kwa 1, kwa saa 10 za mwanzo. Wanaomimina "kwa macho" ndio wanaonunua pistoni.

Nilinunua boti na mashine Dar es Salaam, kule ilikuwa inaruka. Nimeileta Mwanza imekuwa nzito, na fundi haoni kosa. Pia nauliza zinki: naona hailiki kabisa, ni nzuri sana au vipi? — Msomaji, Mwanza

Fundi haoni kosa kwa sababu halipo. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Propela iliyofaa Dar sasa ni nzito kwa mashine hiyo. Tafuta yenye pichi (umbali inaosonga kwa mzunguko mmoja) ndogo kwa inchi moja au mbili, utaona tofauti siku hiyohiyo. Plagi zikitoka nyeusi na zimelowa, jeti ndogo kidogo nazo zinahitajika.

Zinki isiyolika haikulindi. Kazi yake ni kulika ili aluminiamu ya mashine ipone. Kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, zinki hujifunika ngozi na kulala, kwa hiyo ziwani funga ya magnesiamu. Atakayeirudisha boti baharini aitoe, maana maji ya chumvi yataimaliza upesi mno. Na usizipake rangi. Kila mwaka nakuta mtu amezipaka rangi ili zipendeze.

Boti yangu ya kuwapeleka wageni kuvua usiku ina mashine ya starta, taa, redio, sonari na pampu ya ngama (ya kutoa maji yanayokusanyika chini ya boti). Nimefunga betri mbili za gari, na kila baada ya miezi michache moja inakufa. Mara mbili tumelala baharini mpaka tukaja kuvutwa. — Nahodha, Nungwi

Nahodha, tatizo lako ni mpangilio. Betri ya gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha ijazwe tena papo hapo. Ukiitumia kuwasha taa usiku kucha mpaka iishe, umeiua. Gawanya kazi: betri ya starta iwe ya starta tu, na ya pili iwe ile ya kutumika polepole, kama zinazouzwa kwa ajili ya sola.

Piga hesabu. Taa, redio na sonari zikivuta ampea 3 kwa saa 8, umetumia ampea-saa 24. Betri ya ampea-saa 100 usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una usiku mbili bila kuichaji. Lakini mashine nyingi za ukubwa wa 40 zinachaji ampea chache tu, na mwendo wa saa moja haurudishi ulichotumia usiku kucha. Hapo ndipo betri zako zinapofia: haziwahi kujaa. Paneli ya sola ya wati 100 na kontrola yake juu ya turubai itakufaa kuliko betri ya tatu.

Funga swichi kubwa yenye nafasi za 1, 2, zote na zima. Hasi za betri zote ziungane, chanya ziende kwenye swichi. Ukitia nanga, weka kwenye betri ya matumizi peke yake. Starta itakuwa nzima alfajiri. Usipitishe swichi kwenye "zima" huku mashine inanguruma, utachoma rektifaya, ile inayogeuza umeme wa mashine uchaji betri. Pampu ya ngama pekee isipitie swichi hiyo: iunge moja kwa moja kwenye betri kwa fyuzi yake na boya lake, ifanye kazi hata boti ikiwa imelala bila mtu. Kila waya wa chanya uwe na fyuzi karibu na betri, isizidi shubiri moja.

Waya wenyewe usiwe ule mgumu wa nyumba, unakatika kwa mtikisiko. Tafuta wa nyuzi nyingi zilizopakwa bati. Na unene una maana: pampu ya ampea 5 iliyo mita 5 kutoka kwenye betri, kwa waya wa milimita moja ya mraba, inapoteza karibu volti 0.9 njiani kwenda na kurudi. Kwa waya wa 2.5 inapoteza 0.35. Wengi hununua pampu nyingine kumbe mbaya ni waya.

Betri ikishapumzika saa chache ipime: 12.6 imejaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 umeshaiumiza. Maji yakipungua ongeza yaliyosafishwa tu, kamwe asidi. Ikae kwenye boksi lenye upenyo, mbali na tangi la petroli, kwa kuwa gesi inayotoka wakati wa kuchaji inashika moto. Kuhusu litiamu: nzuri na nyepesi, ila usiifunge kwenye chaji ya mashine ya zamani kabla fundi umeme hajapima inatoa volti ngapi.

Mashine imeng'oka ikazama, tumeiopoa leo. — Wete, Pemba

Ioshe sasa hivi kwa maji yasiyo na chumvi, nje na ndani. Toa plagi, mwaga kabureta, ilaze matundu ya plagi yaangalie chini uvute kamba mpaka maji yaishe. Tia oili, iwashe leoleo, iache ingurume nusu saa au zaidi. Ikiwa ilizama inanguruma na sasa inakwama, usiilazimishe. Huenda konrodi (fimbo inayoshika pistoni) imepinda. Kama hakuna fundi mpaka kesho, itumbukize kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi. Najua inashangaza, lakini hewa ndiyo itakayoila ikiwa imelowa chumvi.

Niko Maskati, nataka kumtumia kaka yangu aliyeko Pemba mashine iliyotumika. Nitazame nini? — Msomaji

Muulize kaka kwanza urefu wa tezi: inchi 15 ni shafti fupi, inchi 20 ni ndefu, na ukikosea mashine nzuri haitamfaa. Nenda asubuhi, shika bloku kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiamsha kabla hujafika. Mtake afungue skrubu ya giaboksi mbele yako na apime kompresheni. Za fostroki zenye kompyuta utazikuta nyingi huko na zimependeza, lakini kaka atampata wapi wa kuisoma kompyuta hiyo? Mtumie ya kabureta, na katika sanduku hilohilo tia impela mbili, plagi nne na sili ya shafti ya propela.