Lori linakwaruza ukipiga stata asubuhi: usikubali injini ishushwe bado

Mkuu, kwa ulivyoeleza, lori lako la silinda sita linalala Makambako, asubuhi ukipiga stata linatoa "krrraaa" ya chuma kusagana, siku nyingine halitoi kabisa. Likishawaka linagonga sekunde chache kisha linatulia. Fundi anataka kushusha injini. Mwambie asubiri kwanza, maana hapo una milio miwili tofauti.

Anza na huo wa kwanza. Weka gia huru, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye matairi. Mtu ashikilie waya wa kuzimia injini ili dizeli isipite, wewe piga stata kidogo. Ikikwaruza bila kuwaka, tafuta kwenye stata na meno ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) kabla ya kuhangaika na pistoni.

Sasa kwa nini leo ikwaruze na kesho isikwaruze? Injini ukiizima haisimami popote tu. Mgandamizo wa hewa kwenye silinda huirudisha, na ya silinda sita husimama karibu kila mara kwenye sehemu tatu zilezile; ya silinda nne, mbili. Kwa hiyo meno ya sehemu hizo ndiyo yanayopigwa na bendeksi (kigia cha stata kinachoyang'ata) miaka yote, mengine yanabaki kama mapya. Siku ikisimama nje kidogo ya hapo, unasikia safi.

Kipimo chake hakina gharama. Siku inapokwaruza, acha, toa ufunguo, zungusha injini kwa spana kwenye bolti ya puli ya kirenki (mhimili mkuu wa injini), chini kidogo ya robo mzunguko. Piga tena. Mlio ukipotea, jibu umelipata. Kuhakikisha, fungua stata, mulika tochi kwenye tundu lake huku mwenzako akizungusha injini polepole. Utaona meno yalivyolika. Lori la mjomba, tulilokuwa tukipakia mbao Mafinga, lilibadilishiwa stata nzima, likapona kwa muda, likarudia vilevile, kwa sababu hakuna aliyechungulia humo ndani. Bendeksi mpya kwenye meno mabovu inaliwa tu. Ringi yenye meno hayo hutolewa na kurudishwa kwa moto, na zipo zinazoweza kupinduliwa upande wa pili. Kinachoshushwa ni giaboksi. Injini inabaki mahali pake, na bei ya ufundi ni nyingine kabisa.

Ikilia "ta-ta-ta-ta" bila kuzunguka, hiyo ni betri au vichwa vya waya. Baridi yenu ya Juni na Julai huifanya oili iwe nzito na betri iwe dhaifu kwa wakati mmoja. Betri mbili zikiwa zimepumzika zisome volti 25 hivi. Zikishuka chini ya 18 wakati stata inazunguka, anzia hapo. Ikilia "wiiii" tupu, bendeksi haing'ati.

Sasa mlio wa pili, huo wa kugonga baada ya kuwaka: angalia geji ya presha ya oili. Ukikoma pale presha inapopanda, oili inachelewa kufika juu. Mara nyingi filta haina vali ya kuzuia oili isirudi chini usiku, na filta za bei poa zina ugonjwa huo. Ukiisha taratibu injini inapopata joto, pamoja na moshi mweupe, ni dizeli kuungua vibaya kwenye baridi, au nozeli (kinachopuliza dizeli kwenye silinda). Mafundi hulegeza nati za mabomba ya nozeli moja moja kusikiliza mlio unabadilika wapi. Hilo ni la pampu za zamani tu. Injini za komoni reli (za kisasa, zenye bomba moja la pamoja la dizeli) usiziguse hivyo: presha inapita baa 1,000 na dizeli inatoboa ngozi. Ila kama mlio wa kugonga ni mzito na unazidi ukipanda toka Igawa na mzigo, hapo fundi wako ana hoja.

Jambo moja la hatari: stata ikigoma ghafla kwa "ngo!" baada ya gari kulala, na maji ya rejeta yamepungua, usipige tena. Maji yakiingia kwenye silinda hayagandamiziki, yatapinda konrodi (fito inayounganisha pistoni na kirenki). Toa nozeli kwanza, kisha zungusha injini. Kama yamo yatarukia nje, kwa hiyo usiiname juu yake.

Fanya hilo la spana, ulete majibu pamoja na picha ya meno.