Vitenzi vya Kihispania: kinachokupoteza ni kupitia Kiingereza

Mleta mada, unasema umekariri majedwali ya vitenzi miezi mitatu, lakini ukitaka kutunga sentensi moja tu unakwama. Pole, nayajua hayo. Mimi natembeza wageni huku kaskazini, na Agosti magari yanajaa Wahispania. Nilianza na kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza, kikanichelewesha mwaka mzima.

Chukua hablar, kusema. Mzizi ni habl-, na mkia ndio unaokwambia nani anasema: hablo (nasema), hablas (unasema), habla (anasema), hablamos (tunasema), habláis (mnasema), hablan (wanasema). Sisi mtendaji tunamweka mbele ya kitenzi, wao wanamfunga nyuma pamoja na wakati. Ndiyo maana "yo hablo" haisemwi kila mara, kama wewe usivyosema "mimi nasema" mpaka uwe unabishana. Kwenye kamusi vitenzi vyote huishia -ar, -er au -ir, na kila kundi lina mikia yake. Hapo kariri tu. Wageni wakiwa wa Meksiko au Kolombia, habláis iache nyumbani, wao husema ustedes hablan.

Shida yenyewe ni ser na estar, vitenzi viwili vya "kuwa". Kitabu changu kilisema ser ni ya kudumu, estar ni ya muda. Sasa mbona nyumbu aliyekufa ni "está muerto"? Kuna kifo cha muda? Na Madrid "está en España", kwani kesho inahama? Nilipoacha kanuni hiyo na kuuliza Kiswahili changu, mambo yakanyooka. Penye "ni" kwa kawaida weka ser: Juma ni mwalimu, Juma es profesor. Penye "yuko" weka estar: Juma yuko nyumbani, Juma está en casa. Na -me- inayoonyesha hali aliyonayo mtu sasa hivi, estar tena: amechoka, está cansado, amekaa, está sentado, amekufa, está muerto. Ila -me- ya tukio, kama "amefika", hiyo ni kitenzi kisaidizi haber: ha llegado. Usizichanganye.

Tener nayo ni "kuwa na" yetu. Nina njaa, tengo hambre. Nina kiu, tengo sed. Nina haraka, tengo prisa. Hata umri: nina miaka 34, tengo 34 años. Hili nililijua kwa aibu. Saa nane mchana, tuko Seronera, ndani ya Serengeti, jua la kupasua mawe, nikataka kuwaambia wageni nasikia joto. Nikakipitisha kichwani kwa Kiingereza, nikatoa "estoy caliente". Gari zima kimya. Kisha bibi mmoja kiti cha nyuma akaangua kicheko mpaka akavua miwani afute machozi. Kumbe nimetangaza kwamba mwili unawaka, na si kwa jua. Sahihi ni "tengo calor". Safari nzima wakawa wananiuliza kama bado nina joto.

Gustar watu wanaifasiri "kupenda" halafu wanashangaa kwa nini haikubali. Ifasiri "kupendeza". Me gusta el café: kahawa inanipendeza. Me gustan los mangos: maembe yananipendeza. Kitenzi kinafuata maembe, hakikufuati wewe.

Sasa ile inayoitwa subjuntivo, umbo la kitenzi la kukataza au kutaka jambo, inayowatoa jasho Waingereza. Wewe unaitumia tangu utotoni. Shuka ni "baja". Usishuke? "No bajes". Nataka ushuke: "quiero que bajes". Tazama ile a ya mwisho inavyogeuka e, kwao na kwetu. Hiyo "no bajes" naisema kila siku mtu akitaka kushuka kwenye gari kumpiga picha simba. Ila angalia: vitenzi vya -er na -ir vinakwenda kinyume, e inakuwa a. Kumwamuru mtu "kula!" ni "come", usile ni "no comas".

Kuna vitenzi vinavyobadilika mzizi, quiero (nataka) lakini queremos (tunataka). Sikiliza mkazo. Ukiangukia mzizini, e inapasuka kuwa ie. Ukihamia mkiani, e inabaki ilivyo. Puedo (naweza) na podemos (tunaweza) vivyo hivyo, o inakuwa ue. Halafu kuna "fui", ambayo ni "nilienda" na pia "nilikuwa". Hiyo kameze tu.

Pale Kiswahili kinapokusaidia nusunusu ni wakati uliopita. Wao wanatenganisha tukio lililokwisha na hali iliyokuwa ikiendelea. "El león dormía cuando llegó la hiena": simba alikuwa amelala fisi alipofika. Ukisikia "alikuwa" ikifuatwa na kitenzi kingine, mara nyingi ni dormía (alikuwa amelala), hablaba (alikuwa akisema), comía (alikuwa akila). Lakini "niliishi Moshi" inaweza kuwa viví, ukitaja muda wote kwa jumla, au vivía, ukiwa unasimulia maisha ya huko yalivyokuwa. Hapa bado nateleza, wageni wananisahihisha.

Fanya hivi: andika sentensi kumi ulizosema leo kwa Kiswahili, za kawaida kabisa, za dukani na kwenye daladala. Zigeuze moja kwa moja bila kugusa Kiingereza, uzibandike hapa tuzikague.