Kioo kikigoma kutoka, usikivute

Flekisi, ule utepe mwembamba wa umeme ndani ya simu, ikikatika hutoa sauti ndogo mno, kama uzi. Mimi niliisikia kibandani kwangu Ngamiani, mkononi nina iPhone 5s ya mama mmoja. Fremu ilikuwa imepinda kwa kuanguka, kioo kimeng'ang'ania, nikakivuta kwa nguvu kutoka chini. Simu ile utepe wa kitufe cha alama ya kidole ni mfupi, na uko huko huko chini. Ukinyanyua kioo kabla ya kuuchomoa, umeuchana.

Niliweka kitufe kingine. Kinabonyezeka vizuri, ila alama ya kidole hakisomi, maana kile cha awali kimefungamanishwa na bodi, yaani saketi kuu ya simu, tangu kiwandani. Nikamwambia, "Mama, nimeukata mimi." Akauliza, "Sasa mwanangu, nitaifunguaje?" Nikamwonyesha kufungua kwa namba ya siri. Hela ya ufundi sikuichukua.

Tangu siku ile, kioo kikigoma naacha kuvuta, natafuta kinachokishika. Kwa simu ambazo kioo kimebandikwa kwa gundi, mara nyingi ni joto halijatosha. Hapa Tanga tunafanya kazi feni ikitupuliza, na gundi uliyoilainisha kwa hita inashika tena kabla plastiki ya kufungulia haijapenya. Zima feni, vumilia jasho. Pasha ukingo mmoja mmoja taratibu, ukikumbuka kuna betri ndani, kisha penyeza plastiki nyembamba milimita chache tu. Kwenye Samsung za AMOLED, yaani kioo kinachotoa mwanga chenyewe, nakusihi usizidishe: doa jeusi au mstari wa kijani ukishatokea hautibiki, ni kununua kioo kingine.

Na kama umeshachana kitu, usiwashe simu kujaribu. Chomoa betri kwanza, ndipo uguse soketi ya kioo. Mafundi wengi wanachomeka kioo kipya umeme ukiwepo, halafu wanashangaa kiza. Ukimulika tochi ukaona picha kwa mbali, basi picha inafika, taa ya kioo ndiyo haiwaki. Huenda saketi ya taa ya kioo imeungua, hiyo ni kazi ya fundi wa bodi.

Skrubu nazo. Ya milimita 1.7 ukiikaza kwenye tundu la 1.2, inatoboa njia za umeme ndani ya bodi. Mimi huchora umbo la simu kwenye karatasi, kila skrubu naibandika mahali pake kwa selotepu.